Siri ya mtoto, ya mfanyakazi na ya mgonjwa si mali ya mwenye kushika kaye

LUBUMBASHI, Katanga ya Juu – Jumatatu asubuhi, kisha kupandisha bendera, prefe anatoa karatasi mfukoni na kuanza kusoma majina. Si majina ya watoto waliofaulu. Ni majina ya wale ambao wazazi wao hawajamaliza kulipa. Wanatoka mstari mmoja mmoja mbele ya wenzao, na kurudia njia ya nyumbani na mfuko wa vitabu mgongoni.

Siku ileile, kwenye dirisha la sentre ya afya, mtu anaitwa kwa jina, tena kwa sauti, aje kuchukua majibu ya damu, na benchi nzima inageuka kumtazama. Na kwenye ofisi ya kampuni ndogo inayotafuta watu wa kupeleka kwenye mgodi, kijana anaombwa kuleta majibu yote ya laboratwari. Bahasha inafunguliwa na mtu ambaye hajasoma uganga hata siku moja.

Wakaaji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanajua mambo haya. Wameyazoea kiasi kwamba hakuna anayeshangaa. Na hapo ndipo ubaya unapokaa: jambo ambalo sheria inakataza limegeuka kuwa desturi ya kazi.

Mambo hayo matatu yana shina moja. Mwenye kushika kaye anajiona kuwa mwenye mali ya yale yaliyoandikwa ndani. Anayasoma kwa sauti, anayabandika mlangoni, anayatuma kwa WhatsApp, anamwonyesha rafiki. Lakini yale maneno si yake. Alipewa kuyatunza, kama vile mlinzi anavyopewa ufunguo wa depo. Mlinzi akifungua depo usiku na kugawa mifuko ya unga, anaitwa mwizi. Anayegawa siri za watu mchana anaendelea kuitwa direkta.

Sheria ziko, lakini zinalala

Watu wengi wanafikiri kwamba kulinda habari za mtu ni jambo la Wazungu na kompyuta zao, na kwamba Kongo inangojea sheria. Hiyo si kweli.

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa katika maisha yake ya binafsi, pamoja na siri ya barua na mawasiliano yake. Haki hiyo inaweza kuguswa tu pale sheria inaporuhusu. Tena kuna kitabu cha sheria za makosa, kilichoanza mwaka 1940, wakati wa ukoloni. Kifungu chake cha 73 kinasema kwamba mtu ambaye kazi yake inamkabidhi siri za wengine, kisha anazitoa, anaweza kufungwa kuanzia mwezi 1 mpaka miezi 6 na kulipa faini. Kuna nafasi mbili tu za kusema: akiitwa kutoa ushuhuda mbele ya tribunali, ao sheria yenyewe ikimlazimisha. Udadisi wa patroni haumo. Haraka ya prefe haimo.

Kwa ajili ya watu wenye virusi vya ukimwi, kuna sheria namba 08/011 ya tarehe 14 mwezi wa 7 mwaka 2008, iliyorekebishwa mwaka 2018. Inakataza kumwomba mtu kipimo cha ukimwi ili apewe kazi. Inakataza kumfukuza mfanyakazi ao mwanafunzi juu ya ugonjwa huo. Inaamuru siri ya majibu itunzwe.

Mwisho, tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 ilitiwa sahihi Kode ya Numeriki, ordonanse-sheria namba 23/010. Ina sehemu nzima juu ya habari za watu: zichukuliwe kwa kusudi linalojulikana, zisitumiwe kwa kusudi lingine, na habari za afya zilindwe kuliko zingine. Mtu ana haki ya kujua ni nini kimeandikwa juu yake na kuomba makosa yasahihishwe. Kode hiyo inaagiza vilevile kuwe na mamlaka ya kusimamia ulinzi huo.

Sasa aulizwe mama mwenye kuuza mboga sokoni Katuba, ao mwalimu wa Ruashi: mtoto wako akitukanwa mbele ya masomo nzima juu ya deni, ao majibu yako ya hospitali yakifika kwa jirani, unaenda kugonga mlango gani? Hatakuwa na mlango wa kukuonyesha. Serkali iliandika haki, ikasahau kuandika anwani.

Inchi ya Kenya, si ile komini ya Kenya ya hapa Lubumbashi, inaonyesha kinachotokea pale mlango unapokuwapo. Sheria yao ya kulinda habari za watu ni ya mwaka 2019. Mwezi wa 9 mwaka 2023, ofisi inayosimamia sheria hiyo iliamuru shule moja ilipe shilingi 4 550 000 juu ya kutangaza picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Ni shule moja tu iliyoamriwa kulipa, lakini wakubwa wa shule zingine wana sababu ya kujiuliza juu ya picha zilizo kwenye ukurasa wao wa Facebook.

Masomo: mtoto si mwenye deni

Kuna tofauti kati ya proklamasio ya mwisho wa mwaka na orodha ya wadeni. Proklamasio ni sikukuu. Wazazi wanavaa vizuri, mtoto anaitwa, asilimia yake inasomwa, watu wanapiga makofi. Hata hapo kuna cha kuangalia, sababu mtoto wa mwisho anasikia vilevile asilimia yake ikisomwa. Lakini kusudi ni la heshima.

Orodha ya wadeni kusudi lake ni haya. Haijifichi. Mkubwa wa masomo anajua kwamba mtoto hana feza. Anampiga mtoto ili mzazi asikie maumivu. Na siku hizi haya hiyo inafika mbali kuliko uwanja wa bendera: karatasi inapigwa picha, inatumwa ndani ya kundi la WhatsApp la wazazi, na kila mzazi anaweza kuituma tena anakotaka. Miaka mitano kisha, mtoto amekuwa kijana, na karatasi ingali ndani ya telefone za watu asiowajua.

Katika masomo ya msingi ya serkali, orodha kama hiyo ni ubaya mara mbili. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema masomo ya msingi ya serkali ni ya bure, na serkali ilianza kutumikisha neno hilo mwezi wa 9 mwaka 2019. Basi mkubwa wa masomo ya namna hiyo akisoma orodha ya wadeni, anatangaza mwenyewe, mbele ya mashahidi mia kadhaa, kwamba analipisha kile ambacho Katiba imekataza kulipisha.

Na kuna mambo mazito kuliko feza. Mwalimu anajua mtoto gani ana kifafa, msichana gani ameacha masomo juu ya mimba, mwanafunzi gani baba yake yuko gerezani. Anajua sababu mzazi alimwamini akamwambia, ili mtoto aangaliwe vizuri. Habari hiyo ikizungushwa kati ya walimu wakati wa mapumziko, na saa 10 ikafika kwenye avenyu, nani atarudi tena kumwambia mwalimu ukweli? Mkataba wa haki za mtoto, ambao Kongo ilikubali tangu mwaka 1990, unasema waziwazi katika kifungu cha 16 kwamba hata mtoto ana maisha ya binafsi, na kwamba sheria inapaswa kuyalinda.

Kazi: baba amekwenda, udadisi umebaki

Katanga inaelewa jambo hili kuliko jimbo lingine lolote, sababu hapa masomo, kazi na hospitali vilikuwa zamani chini ya paa moja. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ilianza kukalisha wafanyakazi na jamaa zao ndani ya kambi: nyumba ya kampuni, posho ya kampuni, maternite ya kampuni, masomo ya kampuni. Kazi ya baba, mimba ya mama na masomo ya mtoto, vyote viliangaliwa na mkubwa mmoja. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alitoa mwaka 2001 kitabu juu ya watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Katika maneno ya watu wa kambi, kampuni ndiyo ilikuwa baba.

Baba huyo, aliyeitwa kisha Gécamines, alichungulia nyumba za watu, lakini alilisha. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10 000 waliondoka kwa mpango wa kuacha kazi uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Posho ilikwisha. Hospitali za bure zilikwisha. Kilichobaki kizima ni desturi ya kuchungulia.

Leo kampuni ndogo zinazopatia migodi wafanyakazi zinachukua kijana kwa mkataba wa miezi michache. Hazimpi nyumba wala unga, lakini zinataka kujua damu yake yote. Zinataka fotokopi ya kadi ya uchaguzi, jina la bibi, majina ya watoto, picha ya mapafu, majibu ya mkojo. Na kijana anatoa, sababu nyuma yake kuna mstari wa vijana 200.

Sheria ya kazi haiombi hayo. Kode ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002 inataka muganga ahakikishe kwamba mtu anaweza kazi. Jibu la muganga kwa patroni ni neno moja: anaweza, ao hawezi. Patroni hana haja ya kujua kama aliwahi kutibiwa kaswende, ao kama bibi yake alipoteza mimba. Muganga akitoa karatasi nzima, amevunja siri ya kazi yake. Na ikiwa ndani yake kuna kipimo cha ukimwi kilichoombwa kama sharti la kazi, mwenye kuomba amevunja sheria ya mwaka 2008 waziwazi, hata kama kijana alitia sahihi. Sahihi ya mtu mwenye njaa isiitwe ruhusa.

Wakubwa wa migodi wafikirie kidogo hata faida yao. Mfanyakazi wa mgodi anayekohoa wiki tatu anapaswa kupimwa kifua kikuu. Lakini akijua kwamba majibu yatafika kwa mkubwa wa wafanyakazi kabla hayajafika kwake, atanunua dawa ya kikohozi kwenye famasi ya kona na kuendelea kushuka mgodini na wenzake. Siri iliyovunjwa katika ofisi inakuwa ugonjwa ndani ya timu nzima.

Hospitali: nani anaruhusiwa kusikia?

Hospitalini siri inavunjwa mara nyingi bila ubaya wa moyo. Chumba ni kimoja, vitanda vinagusana, pazia hakuna. Muganga anauliza maswali ya ndani mbele ya wagonjwa 8 na walinzi wao. Kaye ya maternite iko wazi juu ya meza, na kila anayepita anasoma. Kadi za dawa za watu fulani zina rangi yake, na mji wote unajua rangi hiyo maana yake ni nini.

Lakini kuna mengine ambayo umasikini wa hospitali hauwezi kuyasamehe. Mgonjwa asiyeweza kulipa anazuiliwa, na jina lake na deni lake vinasemwa mbele ya wageni. Wageni wanakuja na kamera, na mama aliyetendewa ubaya anaombwa kusimulia tena, uso wazi, ili ripoti ipendeze. Mgodi ukibomoka, picha za maiti zinafika kwenye WhatsApp kabla ya jamaa kupewa habari, na zingine zinapigwa ndani ya morgi, pahali ambapo mpita njia haingii.

Mashariki ya inchi kuna somo ambalo lililipwa kwa maisha ya watu. Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, na kufika vilevile Ituri, ilikwisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Iliua watu 2 287. Kazi ya kuizuia ilisimama juu ya orodha: nani amemgusa nani, nani alale wapi, nani apimwe kila siku. Kulikuwa na watu waliokimbia ao kufia nyumbani kwa woga, na sehemu ya woga huo ilikuwa kuonyeshwa kidole na majirani. Orodha ya namna hiyo inafanya kazi pale tu mtu anapoamini kwamba jina lake halitatoka. Siku imani inapokwisha, watu wanatoa majina ya uongo, na ugonjwa unatembea bila kuandikwa popote.

Visingizio vitatu

Cha kwanza: "Mtu asiye na kosa hana la kuficha." Anayesema hivyo aanze yeye. Abandike kwenye mlango wa ofisi mshahara wake, madeni yake na majibu yake ya damu ya mwisho. Hatafanya. Anajua vizuri kwamba siri si kosa.

Cha pili: "Haya ndiyo inalipisha watu." Pengine inalipisha mmoja kati yao, aliyekwenda kukopa kwa riba. Wengine inawatoa masomoni kabisa. Deni ni la mzazi, na mzazi ana telefone na ana anwani. Aandikiwe, aitwe ofisini, mlango ufungwe, wapatane siku za kulipa.

Cha tatu ndicho kinapendwa zaidi: "Hiyo ni tabia ya Ulaya. Kwetu tunaishi pamoja, na mficha uchi hazai." Mezali hiyo ni ya kweli, lakini inasomwa upande mmoja. Anayezaa anamfunulia mzalishaji, katika chumba ambamo wanaume na watoto wametolewa nje. Wazee hawakusema afunuliwe sokoni. Katika jamaa za huku, habari ya bibi na bwana inapelekwa kwa watu wachache, wanaoitwa kwa majina, jioni, watoto wakiwa wamelala. Anayeipeleka kwenye bomba la maji anaitwa mchongezi, kwa Kiluba, kwa Kibemba na kwa Kiswahili. Siri ilikuwapo Katanga kabla ya treni ya kwanza kufika.

Bahasha, kufuli na pazia

Yanayopaswa kufanyika hayangoji mfadhili. Prefe anunue bahasha, na deni la mzazi liandikwe ndani yake. Asiruhusu orodha yoyote ya majina ya watoto kupigwa picha. Mkubwa wa wafanyakazi apokee kutoka kwa muganga neno moja tu, na makaratasi mengine yabaki kwa muganga, ndani ya kabati lenye kufuli. Hospitali iite wagonjwa kwa namba, iweke pazia kati ya vitanda, na kaye ifungwe muuguzi anapoondoka mezani. Makaratasi ya zamani yachomwe. Yasiuzwe kwa kilo ili kesho mtoto anunue karanga zilizofungwa ndani ya majibu ya mtu.

Radio na kurasa za habari za mji nazo zijiangalie. Jina la msichana aliyebakwa, uso wa mtoto aliyekamatwa na polisi, kadi ya uchaguzi ya mtu anayesemwa kuwa mwizi: hayo yote yanatangazwa kila wiki, kisha yanaitwa habari.

Mzazi, mfanyakazi na mgonjwa wana maneno mawili ambayo wanaweza kusema bila kupigana na mtu: "Hii ni ya kazi gani?" na "Itabaki kwa nani?" Asiyeweza kujibu maswali hayo hapaswi kupewa karatasi. Anayeogopa kuuliza peke yake aende na sendika, ao kamati ya wazazi.

Enspeksio ya kazi ipite kwenye ofisi zinazoandika vijana na kuomba kuonyeshwa mafaili. Serkali ya Kinshasa ilete Lubumbashi, Kolwezi na miji mingine mlango wa ile mamlaka iliyoagizwa na Kode ya Numeriki, wenye mtu ndani na kitabu cha mashitaka. Na parke isingoje mlango huo. Kifungu cha 73 kipo tangu zaidi ya miaka 80, na hakihitaji kompyuta.

Ifunguliwe faili moja. Mtu mmoja tu, muganga aliyetoa majibu kwa patroni ao muuguzi aliyepiga picha ndani ya morgi, asimame mbele ya tribunali na kuulizwa: siri hii ulikabidhiwa na nani, na nani alikuruhusu kuitoa? Usiku ule orodha nyingi zitaondolewa kwenye milango ya mji huu, bila mtu kutumwa kuziondoa.